Nyutrino moja ya Septemba 2017 na data iliyokuwa imeshawekwa wazi: uchambuzi wa kisa cha TXS 0506+056

Tarehe 22 Septemba 2017, saa sita usiku kasoro dakika kama tano kwa saa zetu za Afrika Mashariki, chembe moja aina ya myuoni, ndugu mzito wa elektroni, ilikatiza ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini ikaacha mstari wa mwanga hafifu. Kule chini kuna mtambo unaitwa IceCube, vihisi 5,160 vimening'inizwa kwenye kamba 86, kuanzia kina cha mita 1,450 mpaka 2,450, jumla barafu ya ukubwa wa kilomita moja ya ujazo. Mstari ule ulikuja karibu kulala kabisa, nyuzi 5.7 tu chini ya upeo wa macho, kwa hiyo kilichouzaa kilikuwa kimepita kwanza ndani ya ardhi na barafu, na kitu kinachoweza kupita hivyo halafu kikazaa myuoni yenye nguvu namna ile ni nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu. Makadirio ya nguvu yake yalikuwa kama trilioni 290 za elektronivolti, kizio kinachopimia nguvu za chembe. Wakaipa jina IceCube-170922A.

Kisa hiki kinasimuliwa sana kama ushindi wa IceCube, na mimi hapo ndo sikubaliani, au tuseme nakubali nusu. IceCube walikamata chembe moja. Kilichoigeuza chembe moja kuwa jibu la swali la miaka zaidi ya mia ni data za watu wengine kabisa, nyingine zimekusanywa miaka mingi nyuma kwa sababu tofauti kabisa, zikawekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzichukua. Nataka tupitie hatua kwa hatua tuone nani alileta nini na wapi mambo yaligoma, maana yaligoma pia.

Kwanza swali lenyewe. Mwanafizikia Victor Hess alipanda na puto tarehe 7 Agosti 1912 mpaka kimo cha mita 5,300 hivi akakuta mionzi inaongezeka kadiri anavyopanda, tangu hapo tunajua kuna chembe zinatupiga kutoka huko nje, tunaziita miale ya kosmiki, nyingi ni protoni, na zingine zina nguvu ambayo hakuna mashine ya binadamu inayoikaribia. Zinatoka wapi? Shida ni kwamba zina chaji, na anga lote limejaa sumaku, basi zinapindishwa njia nzima, ikifika kwako huwezi kuifuata ilikotoka. Mwale wa gama, yaani mwanga wa nguvu kubwa sana, hauna chaji, unanyoosha, ila nao hautoshi kama ushahidi, kwa sababu elektroni peke yake zinaweza kuutengeneza bila protoni yoyote kuhusika. Nyutrino ndo shahidi mzuri. Protoni ikigonga mwanga au gesi karibu na pale inapoongezwa kasi inatoa chembe za payoni, payoni zisizo na chaji zinavunjika kuwa miale ya gama, zenye chaji zinaishia kutoa nyutrino. Kwa hiyo ukikuta nyutrino na gama sehemu moja ya anga unaanza kuwa na haki ya kusema hapa protoni zinapikwa. Ukiwa na kimoja tu, unabaki kubahatisha.

Sasa turudi kwenye ule usiku. Sekunde 43 baada ya myuoni kupita, kompyuta zilikuwa zimeshatuma tahadhari kwa dunia nzima kupitia GCN, mtandao wa wanaanga wa kupeana taarifa, ambao ulijengwa kwa ajili ya milipuko ya miale ya gama. Tahadhari yenyewe ukiiona haina madoido, ni maandishi machache ya mashine: tarehe, saa, mwelekeo kwa nyuzi mbili za ramani ya anga, ukubwa wa kosa, basi. Kama saa nne baadaye ikaja ya pili iliyopitiwa na watu, mwelekeo umesahihishwa, na eneo la kutafuta likawa kama nyuzi moja ya mraba. Kwa anayetaka picha, mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo ni kipande cha anga chenye nafasi ya miezi michache ikipangwa pamoja. Kipo karibu na bega la Orion, lile kundi la nyota, na huku kwetu kuanzia Desemba mpaka Februari jioni kipande hicho kinapita karibu na utosini kabisa.

Na hapa niseme wazi, IceCube wenyewe walikadiria nafasi ya hii nyutrino kuwa imetoka nje ya mfumo wetu wa jua ni asilimia 56.5. Zilizobaki ni nafasi ya kuwa imetengenezwa na miale ya kosmiki ikigonga hewa ya dunia hii hii. Karibu nusu kwa nusu! Mtu akikuletea ushahidi wa aina hiyo peke yake hufungui kesi.

Satelaiti ya Swift, yenye darubini ya eksirei, ikageuka ndani ya saa chache, ikapiga eneo lile kwa vipande 19, ikakuta vyanzo 9 vya eksirei. Mojawapo kilikuwa TXS 0506+056. Hizo herufi TXS zinatokana na Texas, yaani kilirekodiwa kwenye upimaji wa mawimbi ya redio uliofanyika Texas kati ya 1974 na 1983, na orodha yake ikachapishwa 1996. Wale watu wa Texas walikuwa wanaorodhesha vyanzo vya redio kwenye masafa ya megahezi 365, hakuna aliyekuwa na nyutrino kichwani, na IceCube ilikuja kukamilika Desemba 2010. Jina walilokipa chanzo hicho ndo hilo hilo tunalolitumia leo.

Siku sita zikapita bila kelele. Tarehe 28 Septemba Yasuyuki Tanaka wa Chuo Kikuu cha Hiroshima pamoja na wenzake wa timu ya Fermi, satelaiti inayonasa miale ya gama, wakatangaza kwamba ndani ya eneo lile la IceCube kuna blaza, yaani galaksi yenye shimo jeusi kubwa katikati linalorusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu, na blaza hiyo imewaka kwenye miale ya gama kama mara 6 ya kiwango chake cha kawaida. Ni ile ile TXS 0506+056.

Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu ndo moyo wa kisa. Satelaiti ya Fermi ilirushwa 11 Juni 2008. Haisubiri kuelekezwa, inazunguka tu na kufagia anga lote kila baada ya saa 3, na tangu Agosti 2009 data yake iko wazi kwa kila mtu, ndani ya saa chache tu baada ya kushuka. Ukishusha faili lake utakuta ni jedwali, kila mstari ni fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga: nguvu yake, ilikotokea, muda wake, na pembeni taarifa za jinsi ilivyogongwa ndani ya kifaa. Kuna faili la pili linalosema satelaiti ilikuwa wapi na ilitazama wapi kila sekunde 30. Ukiwa na hayo mawili unaweza kurudi nyuma wiki yoyote unayotaka ukauliza kile kitu kilikuwa kinafanya nini. Hicho ndo kilichowezekana Septemba 2017. Kuwaka kwa gama kulianza miezi kabla ya nyutrino kufika, na kwa vile Fermi ilikuwa inafagia siku zote hizo, ule mchoro wa kupanda na kushuka ulikuwepo tayari, unasubiri tu mtu aende sehemu sahihi. Kama ingekuwa darubini inayoelekezwa tukio likishatokea, tusingejua blaza ilikuwaje jana yake.

Na wengine nao wakafungua hazina zao. ASAS-SN, mtandao wa darubini ndogo unaopiga picha anga kila usiku, ukaonyesha mwanga wa kawaida wa blaza ulikuwa juu kuliko miaka kadhaa ya nyuma. Darubini ya redio ya mita 40 ya Owens Valley kule California, ambayo imekuwa ikifuatilia blaza nyingi tangu 2008, ikaonyesha redio yake inapanda taratibu. H.E.S.S., darubini za gama zilizoko Namibia, ilikuwa imeshatazama kama saa nne tu baada ya tahadhari na haikuona kitu, na hilo nalo ni data, linakwambia mwanga wa nguvu ya juu kabisa ulikuwa chini ya kiwango fulani usiku ule. Darubini ya SALT ya Afrika Kusini ikachukua spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi. Alafu MAGIC, darubini mbili za gama za kisiwa cha La Palma, wakakaa nayo kama saa 13 kuanzia tarehe 28 Septemba wakaikamata mpaka kwenye nguvu ya bilioni 400 za elektronivolti, mara ya kwanza blaza hiyo kuonekana kwenye nguvu za namna hiyo.

Lakini kuchanganya data si kuweka faili mbili kwenye folda moja, na hapa ndo watu wengi wanateleza. Anza na muda tu. Fermi inahesabu sekunde tangu 1 Januari 2001, IceCube wanatoa muda kwa siku za Julian, ile hesabu ya siku mfululizo ya wanaanga, darubini nyingine kwa saa za kawaida za dunia, ukikosea kubadilisha unapata sadfa ambayo haipo au unapoteza iliyopo. Njoo kwenye mwelekeo. Mwale wa gama wa nguvu ndogo kwenye Fermi unaweza kukosea mahali kwa nyuzi kadhaa, wa nguvu kubwa kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi. Na jirani na TXS 0506+056, umbali wa kama nyuzi 1.2, kuna blaza nyingine inaitwa PKS 0502+049 ambayo nayo ina tabia ya kuwaka. Kwenye nguvu ndogo mwanga wa hizo mbili unaingiliana, fotoni ya huyu unaweza kumpa yule. Mchambuzi asiyejua ujirani huo anaweza kuandika makala nzima juu ya mwako wa blaza isiyo yake.

Kuna na hesabu ya bahati, ambayo mimi naona ndo sehemu ya kiungwana zaidi ya kazi yote. Orodha ya Fermi ina zaidi ya vyanzo 2,000 nje ya galaksi yetu. Blaza zinawaka mara kwa mara. Ukirusha duara la nyuzi moja ya mraba popote angani, ukafanya hivyo mara nyingi, siku moja utaangukia blaza iliyowaka bila uhusiano wowote. Kwa kuangalia tukio hili peke yake walipata sigma 4.1, sigma ni kipimo cha jinsi jambo lilivyo mbali na bahati tupu, ikiwa kubwa nafasi ya bahati inapungua. Wangeweza kuishia hapo na magazeti yangefurahi. Badala yake wakahesabu tahadhari zote 10 walizokuwa wameshatoa pamoja na matukio 41 ya zamani ambayo yangestahili tahadhari kama mfumo ungekuwepo, kwa sababu yoyote kati ya hayo lingeangukia blaza nzuri wangelisherehekea vile vile. Baada ya hapo ikabaki sigma 3.0, yaani nafasi ya kutokea kwa bahati tupu ni kama 1 katika 740. Wanafizikia wakisema tumegundua wanataka 5. Hazina ya data inakupa jirani wa kuwahoji, na wakati huo huo inakudai ukiri umehoji wangapi. Ukilificha hilo deni unadanganya, hata kama kila namba yako ni ya kweli.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndo kilele: wakarudi kwenye ghala lao wenyewe. Miaka 9.5 ya data ya IceCube, matukio ambayo hayakuwahi kutolewa tahadhari, wakauliza swali moja tu, je kutoka mwelekeo wa hii blaza kumewahi kuja nyutrino kwa kundi? Wakakuta. Kati ya Septemba 2014 na Machi 2015 kulikuwa na ziada ya kama matukio 13, kosa la kutoa au kujumlisha 5, yamejikusanya kwenye dirisha la siku kama 110 ambalo katikati yake ni 13 Desemba 2014. Nguvu ya ushahidi sigma 3.5, na huu haukutegemea ile nyutrino ya 2017. Miaka mitatu mwako huo ulikuwa umelala kwenye diski, kila namba ipo, kilichokosekana ni sababu ya kutazama pale. Makala mbili zikatoka kwenye jarida la Science 12 Julai 2018, moja ya timu zote za darubini kwa pamoja, nyingine ya IceCube juu ya mwako wa zamani. Mwaka huo huo kundi la Simona Paiano walitumia darubini ya mita 10.4 ya La Palma wakapata umbali wake, redshifti 0.3365, yaani kiasi mwanga wake ulivyovutika njiani, mwanga umesafiri karibu miaka bilioni 4.

Sasa pale palipogoma. Ukichukua kipindi kile cha 2014 na 2015 ukaenda kwenye data ya Fermi, unatarajia uone blaza inawaka gama, si ndo hesabu ya payoni inavyosema? Haikuwaka. Nyutrino kama 13, gama kimya. Na yule jirani PKS 0502+049 ndo alikuwa anachangamka kwenye miezi ya karibu na hapo, kwa hiyo ikabidi watu wafanye kazi ngumu ya kutenganisha huyu na yule kabla ya kusema lolote. Wapo wanaosema gama ilimezwa pale pale ilipozaliwa, kwamba mazingira yenye mwanga mzito wa kutosha kuzaa nyutrino nyingi yanauzuia pia mwale wa gama usitoke, ukatoka kama eksirei. Bahati mbaya kipindi kile hakuna aliyekuwa ameelekeza darubini nzuri ya eksirei pale kwa muda wa kutosha. Shimo hilo kwenye rekodi haliwezi kuzibwa tena, 2014 haitarudi.

Ndio maana nasisitiza kuhusu vyombo vinavyofagia anga lote na kuachia kila kitu. Bila Fermi tusingejua kwamba 2014 kulikuwa kimya, tungejenga nadharia safi ya mwako wa gama na nyutrino kwenda pamoja, tungekosea na tusingejua. Data ya wazi ilithibitisha sehemu ya kwanza ya kisa na ikaivuruga ya pili, na zote mbili ni msaada.

Upande wa darubini za ardhini hali ilikuwa tofauti. MAGIC, H.E.S.S., VERITAS na wenzao kwa miaka mingi kila timu ilikuwa na faili za mtindo wake, programu yake, na data inakaa ndani. Kuna sababu zinazoeleweka, mtu amejenga darubini miaka kumi anataka wanafunzi wake wafaidi kwanza, ila matokeo yake ni kwamba mtu wa nje anapewa grafu iliyoiva, hapewi matukio. H.E.S.S. walitoa kifurushi chao cha kwanza cha majaribio 2018. Mwaka 2019 Cosimo Nigro na wenzake wakachukua data ya Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, kutoka vyombo vitano, Fermi, MAGIC, VERITAS, FACT na H.E.S.S., wakaiweka yote kwenye mtindo mmoja wa faili za FITS, wakaichambua kwa pamoja kwa programu ya wazi ya Gammapy, wakaacha kodi na data mtu aweze kurudia mwenyewe. Sayansi ya Kaa haikubadilika sana, tunaijua. Kilichobadilika ni kwamba wameonyesha inawezekana, kwamba matukio ya timu tano yanaweza kuingia kwenye hesabu moja. Waliofuatilia TXS 2017 hawakuwa na hilo, walipokezana namba zilizokwisha kuchakatwa. Upande wa miale ya kosmiki yenyewe, kituo cha Pierre Auger kule Argentina walifungua asilimia 10 ya data yao Februari 2021, na IceCube mwaka huo huo wakaachia miaka 10 ya matukio yao ya kutafutia vyanzo. Mwanafunzi Dodoma au Eldoret mwenye laptopu na bando la kutosha anaweza leo kuchukua faili za IceCube na za Fermi akauliza swali la blaza yoyote anayoitaka. Namuomba tu ahesabu ameuliza mara ngapi.

Tangu hapo picha imezidi kuwa na mikunjo. Mwaka 2022 IceCube, baada ya kuichakata upya data ya 2011 mpaka 2020, wakakuta nyutrino kama 79 kutoka galaksi ya NGC 1068, sigma 4.2, na hiyo kwenye miale ya gama ya nguvu kubwa haionekani kabisa, jambo linalowapa moyo wale wa hoja ya kumezwa. Alafu ikaja ya KM3NeT, vihisi vilivyozamishwa Bahari ya Mediterania karibu na Sicily, tarehe 13 Februari 2023 wakapata tukio ambalo makadirio ya nguvu ya nyutrino yake ni kama mara 750 ya ile ya 2017. Tukio lilikuja kuchambuliwa baadaye na kutangazwa Februari 2025, kwa hiyo hapakuwa na darubini iliyokimbilia pale usiku ule. Kilichobaki ni kufungua hazina, Fermi, redio, eksirei, kutafuta blaza gani ilikuwa macho siku hizo. Walizikuta blaza 17 ndani ya eneo la kutafuta, zingine zimechangamka, na hakuna hata moja iliyojitenga vya kutosha kuitwa chanzo.